Nisomee Tarakimu Sita

5 Februari

Mziwanda wetu,

Popote barua hii itakapokukuta, ikukute mzima na umeshiba. Sisi huku tunakwenda. Goti la mama linamsumbua ila ulimi wake hauna neno, juzi amemgombeza daktari mpaka daktari akaomba radhi. Paa la jikoni limezibwa. Yule binti wa nyumba ya pili aliyekuwa haishi kukuulizia, ameacha kukuulizia. Ameolewa. Gauni nimemshonea mimi, na shela nimempa zawadi, kwa hiyo hasara moja ya kukaa mbali umeshaipata.

Usishangae karatasi. Nimekupigia tangu wiki ile na simu yako haipatikani, nami yangu naiogopa kama nyoka aliyelala. Kwenye simu kila mtu anaweza kuwa yeyote. Mwandiko wako naujua, herufi zimelala ubavu kama zimechoka kuzaliwa, hakuna mwizi atakayejisumbua kuuiga. Natumia ile anwani ya saluni uliyomwachia mama. Nawe nijibu kwa kalamu.

Sasa sikia lililonipata. Nilikuwa kwenye cherehani, namalizia pindo la gauni la harusi, kitambaa kimenijaa mapajani, mwenye gauni amekaa kwenye benchi anatikisa mguu. Simu ikaita, namba ngeni. Bi Mkasi akaipokea. Unamkumbuka Bi Mkasi, mkataji wangu, tuliyeanza naye kwa meza moja katika mstari huu wa mafundi kabla wewe hujaota ndevu. Akaniwekea sikioni, maana mikono yangu ilikuwa na kazi. Sauti ni yako. "Dada, mimi hapa. Simu yangu imekufa, hii nimeazima. Akaunti imenifungia nje, nimewapa namba yako, watakutumia tarakimu sita. Nisomee haraka kabla hazijaisha muda." Bi Mkasi akafungua ujumbe, akanishikia kioo cha simu mbele ya macho, nikasoma. Ukasema asante dada, Mungu akuzidishie. Nikarudi kwenye pindo langu.

Pindo halijaisha, akaunti ya duka ikanitoa nje. Ile yenye picha za magauni yangu yote, vipimo vya wateja, mazungumzo ya miaka. Aliyeingia akaanza kuwaandikia watu kwa jina langu na picha yangu, kwamba kuna punguzo la magauni, watume arbuni leo hii kwa namba mpya. Wakatuma. Kwa nini wasitume? Ni mimi. Kesho yake mama zao maharusi walijaa dukani. Mmoja alinishika kidevu, akaniambia, "Na mimi nilivyokuwa nakusifia kazini kwangu." Wengine walitukana na matusi nimeyasahau. Huyo sijamsahau.

Nimewaambia wote kwamba ndugu yangu hawezi, sauti siku hizi zinaigwa. Polisi wameandika maelezo yangu. Lakini nakuuliza mwenyewe, swali moja tu. Ulinipigia siku ile? Ukijibu hapana nitalala usingizi.

Dada yako


9 Machi

Dada mkubwa,

Salamu zangu zipokee kwa mikono yote miwili, cherehani iache kidogo haitakimbia. Mama mpe pole ya goti, na huyo daktari mpe pole zaidi. Binti wa nyumba ya pili namtakia heri, ingawa mumewe hajui amekula kiporo cha nani. Natania. Barua yako ilikaa saluni siku nyingi, msusi aliisahau chini ya mafuta ya nywele, ndiyo maana inanukia.

Hapana, dada. Si mimi. Laini yangu ya zamani ilipotea na simu yenyewe, nimechukua nyingine. Na jibu lako unalo tayari, sauti inaigwa. Siku hizi sauti ya mtu inaibiwa kama kuku wa jirani. Wanachukua ujumbe wako wa sauti, hata mfupi, kompyuta inajifunza, halafu inasema chochote wanachotaka. Unasikia ndugu yako, kumbe unaongea na bati.

Nisikilize vizuri, maana haya nayajua. Tarakimu zinazotumwa kwenye simu yako ni ufunguo wa mlango wako, hata polisi akiziomba usimpe, hata mama. Weka namba ya siri ya pili juu ya akaunti, ili mwenye ufunguo mmoja asiweze kuingia. Angalia mara kwa mara ni simu zipi nyingine zimeunganishwa na akaunti yako, usiyoitambua iondoe. Ukipigiwa na namba ngeni inayojiita ndugu, kata, mpigie ndugu kwa namba unayoijua. Na mtu yeyote akikuharakisha, ujue anakuibia. Mwenye shida ya kweli ana muda wa kukueleza.

Kitu kimoja kinanisumbua lakini. Bati halijui uko kwenye cherehani saa gani, wala kwamba mikono yako haiko huru. Hilo anajua aliye karibu. Nani anashika simu yako mchana kutwa? Nani alizisoma tarakimu kabla yako? Sisemi kitu, nauliza tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe kazi yako ni nguo.

Kazi yangu ni ile ile ya kuhudumia wateja kwa simu. Ofisi ni kubwa, tunavaa vipokea sauti tangu asubuhi mpaka masikio yanaota joto. Mambo ya ofisi hatusimulii nje, usiulize.

Mdogo wako


2 Aprili

Mziwanda,

Mama hajambo, anakusalimu, anauliza kama huko kuna mtu anakupikia. Mimi nimepata laini mpya. Yote uliyoandika nimeyafanya, nimeyanakili kwa chaki ubaoni dukani, na mafundi wa mstari mzima wanakuja na simu zao niwawekee namba ya siri ya pili. Mshona suruali wa kona aliweka tarehe yake ya kuzaliwa, nikamwambia hata mbuzi wake anaijua. Kwa hiyo umenifanya mwalimu, na nimekuwa najisifu kwamba nina ndugu anayejua mambo.

La pili ni zito. Nilimuuliza Bi Mkasi kama ulivyosema. Sikumuuliza vizuri. Nilimuuliza mbele ya mteja, nimesimama, yeye amekaa, nikasema, "Zile tarakimu ulimwonyesha nani?" Alinitazama akiwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Akakunja tepu yake ya kupimia, akachukua mkasi wake, akaondoka. Mteja akatoka na habari, na kufikia jioni mstari wote unajua kwamba Bi Mkasi ndiye aliyeniuza. Nilijaribu kusema sikusema hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kamati ya soko imemfungia meza, hawezi kukata kwa fundi yeyote mpaka wakae waamue, na wamesema watakaa mwisho wa Agosti. Kamati haina haraka, si meza yao.

Sasa nakata mwenyewe. Nimeharibu satini ya watu. Nilikuwa nimeinama juu ya hiyo satini, nikakumbuka jambo ambalo sikukuandikia, au nilijifanya nimelisahau. Siku ile kabla ya kusoma tarakimu nilisita. Nikauliza swali la mama.

Unalijua. Baba alipokuwa safarini watu walikuja wakijidai ametuma wachukue vitu, ndipo mama akatuwekea swali la mtu wa nyumbani, "Redio iliangukaje?" Mtaa mzima unajua wewe ndiye uliyeivunja. Ila jibu letu ni lile ulilompa mama ukiwa na meno ya utoto, waya wa redio bado uko mkononi mwako, kwamba redio iliruka yenyewe ikamfukuza paka. Mgeni atasema aliivunja mtoto. Mtu wa nyumbani atasema habari za paka.

Nilipouliza, sauti ilicheka kidogo, ikasema, "Ilimfukuza paka, dada." Ndipo nikasoma.

Nakubali kompyuta inaiga sauti. Yule paka imempata wapi? Bi Mkasi hamjui, mama alituapisha na sijawahi kuvunja kiapo chake. Umewahi kumwambia mtu?

Dada yako


30 Mei

Dada,

Natumaini mama na goti lake wanaelewana. Huku mvua zimechachamaa, maji yanaingia mpaka chumbani, godoro nimelisimamisha ukutani nalala kwenye benchi. Nimeumwa pia, kifua, sasa nafuu. Ndiyo sababu ya kuchelewa. Waambie mafundi tarehe za kuzaliwa ziachwe kwa ajili ya keki.

Kuhusu lile swali. Inawezekana nilisimulia kazini. Tulikuwa tunataniana habari za utoto wakati wa chakula, nikasimulia redio, watu wakacheka. Huenda mmoja wao alichukua sauti yangu na hiyo hadithi akaviunganisha. Watu ni wabaya, dada, tunakaa nao tu. Badilisheni jibu, ndiyo salama.

Na polisi usiwasukume sana. Mambo haya yanachukua muda na mwisho hupati kitu, utajichosha tu. Jenga upya wateja, wewe fundi, watarudi.

Mama usimwambie naumwa.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Nawe pona.

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Ina mvua, ina godoro, ina keki. Bi Mkasi hayumo. Nilikuandikia kwamba mtu amefungiwa meza kwa neno ulilonipa wewe, na hukumtaja hata kwa pole. Machi ulikuwa na uhakika ni mtu wa karibu nami. Mei umekumbuka ni mtu wa karibu nawe. Kati ya miezi hiyo mkataji wangu anaosha vyombo kwenye hoteli, yule ambaye akipitisha mkasi kwenye hariri husikii sauti. Nilimfuata huko. Alitoka nje, akasimama mlangoni huku mikono ina povu, akasikiliza radhi zangu zote. Akasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akarudi ndani.

Nina hasira na naiandika hapa usije ukadhani ni utani wangu wa kila siku. Nimekulea. Ulipokuwa na surua nililala sakafuni karibu na kitanda chako na mkono juu ya godoro ili uushike. Mtu niliyemlea namna hiyo akinidanganya najua hata kama sitaki kujua, na tangu Aprili nimekuwa sitaki.

Sikuulizi tena. Nataka ukurasa mmoja, mwandiko wako, jina lako chini, unaosema kwamba Bi Mkasi hana hatia na unajuaje kwamba hana. Unifikie kabla kamati haijakaa. Meza yake ikitolewa kwa mwingine, haitarudi, na mstari mwingine wa mafundi hautampokea mtu aliyefukuzwa kwa wizi. Hayo ndiyo maisha yake yote.

Dada yako


28 Julai

Dada,

Leo sina utani, nisamehe.

Ni mimi niliyekupigia. Hakuna mashine. Ni sauti yangu, mdomo wangu.

Hii kazi si ya kuhudumia wateja. Nilidhani hivyo nilipokuja, tangazo lilisema hivyo. Ni nyumba ya ghorofa yenye madirisha yaliyopakwa rangi, tumekaa kwenye meza ndefu, kila mmoja na simu zake, na ukutani kuna maneno ya kusema yamebandikwa. Mkubwa wetu tunamwita Mwalimu kwa sababu anafundisha mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kukwamisha sauti kama unataka kulia. Yale niliyokuandikia Machi sikuyasoma popote. Ni yale yanayotushinda sisi, watu wakiyafanya tunarudi mikono mitupu. Huo ndio ukweli pekee uliokuwa katika barua ile, utumie.

Kila anayeingia hapa ana mtihani wake. Lazima alete akaunti moja yenye wateja wengi, kutoka kwa watu wake mwenyewe, ili asiweze kurudi kwao akasema. Nilikataa, wakanicheka. Nikapitia majina yote kwenye simu yangu. Kila jina niliona kwamba likijua nililofanya litanikata milele. Nikafika kwako. Nikajiambia huyu atanisamehe. Ndiyo sababu ni wewe, dada. Hakuna nyingine.

Nilidhani watakutoa siku moja au mbili kisha utaipata akaunti yako. Sikujua wataandikia wateja. Hapana, nilijua, nilikuwa nimeshaona wakifanya. Sikutaka kufikiri.

Ulipouliza redio iliangukaje nilifurahi. Utaniona mwendawazimu. Kwa muda kidogo nilisahau ninachofanya, nikawa jikoni kwetu na mama ananikodolea macho. Nikacheka kweli. Halafu nikakujibu, na ukaanza kusoma, na nilikuwa na karatasi mbele yangu nikaandika tarakimu zako moja baada ya nyingine.

Bi Mkasi nilimtia hatiani mimi. Ulikuwa umeniambia tu kwamba alikushikia simu, nikaona ni mlango, nikapitia.

Nakuomba mambo mawili. Ichome barua hii. Waambie kamati kwamba polisi wamegundua ni wezi wa mbali, watakuamini, nawe ni fundi mkubwa. Ikifika mikononi mwa polisi mimi nimekwisha, na hawa wakijua nimeandika nimekwisha mara mbili. Natafuta njia ya kutoka, msusi ananisaidia. Na mama asijue.

Mdogo wako


3 Septemba

Mdogo wangu,

Sikuichoma.

Nilikaa nayo wiki nzima chini ya kitambaa cha cherehani, na nisingependa hata adui yangu apate wiki kama ile. Nilijaribu lile neno lako la wezi wa mbali. Nililisema peke yangu dukani, kwa sauti, nikajisikia kama nasoma karatasi za ukuta wenu. Wangeniamini, ni kweli. Lakini wangeniamini mimi, na yeye angerudishiwa meza kwa huruma, na kila nguo ikipotea katika mstari ule miaka yote ijayo macho yangemgeukia.

Kwa hiyo nilisimama mbele ya kamati nikaisoma, tangu pale uliposema huna utani mpaka neno la mwisho. Bi Mkasi alikuwa amekaa nyuma, bado na aproni ya hoteli. Sehemu ya msusi niliiruka, asije akadhurika anayekusaidia. Mwenyekiti alinivuta pembeni, akaniambia, "Mama, damu ni nzito kuliko maji." Nikamwambia najua, mimi ni fundi, ndiyo maana doa lake halitoki. Walipiga kura, meza ikarudi kwake. Nakala niliipeleka polisi mwenyewe, kwa miguu, na nikawaomba wakutafute kwanza kama mtu anayehitaji kutolewa mahali, kisha kama mwizi. Hawakuniahidi. Kama umeshatoka hapo ulipo, endelea kwenda. Kama hujatoka, toka sasa hivi, acha hata viatu.

Mama nimemwambia. Hakulia. Aliuliza kama unakula. Asubuhi yake aliniita kitandani, akanipa swali jipya la mtu wa nyumbani na jibu lake. Sitakuandikia.

Uliandika kwamba ulichagua jina litakalokusamehe. Nimeibiwa wateja, nimeibiwa jina langu zuri, na hayo yote hayakuniuma kama sentensi hiyo. Wenzako wanatafuta ujinga wa mtu, uroho wake, hofu yake, wanaingilia hapo. Wewe ulitafuta mahali ninapokupenda. Sijui kama nimekusamehe. Nikiamka asubuhi naona nimekusamehe, nikikaa kwenye cherehani naona bado. Ukirudi utakuta chakula, nawe utakula. Simu yangu hutaishika.

Wateja wanaanza kurudi, mmoja mmoja. Nimefungua akaunti mpya. Katika kuifungua inauliza namba ya mtu mwingine, wa kunirudishia akaunti siku nikifungiwa nje. Ile ya zamani ilikuwa na yako. Nilichukua simu nikaenda mpaka meza ya Bi Mkasi. Amehamia upande wa pili wa mstari, anamkatia mshona suruali. Alikuwa anapitisha chaki kwenye kitambaa. Nikamweleza, nikamwomba niandike namba yake. Miaka yote ameniita mwenzangu.

"Weka ya mtu unayemwamini, fundi," akasema, akarudi kwenye chaki yake.

Nafasi hiyo nimeiacha wazi.

Dada yako